KUSOMA UCHUMI WA KIMATAIFA: KWA JICHO LA NANI?

Kila mwaka vijana wetu wengi hujiunga na vyuo vikuu kusoma uchumi, na baadhi yao hufika kwenye somo la uchumi wa kimataifa. Katika madarasa yetu ya itikadi tumekutana na wengi waliolipitia somo hilo, na tumeona makosa mawili yakijirudia. Wa kwanza ni yule anayekariri. Huyu anaweza kuchora ubaoni mistari yote ya ugavi na mahitaji, lakini ukimwuliza kwa nini mkulima wa korosho wa Newala hapangi bei ya zao lake, hunyamaza. Wa pili ni yule anayelikataa somo kabla ya kulisoma. Kwake nadharia yote ni ya kibepari, na neno "ubeberu" linatosha kujibu kila swali. Wote wawili hawawezi kuusaidia umma. Wa kwanza ana jembe lakini hajui shamba liko wapi. Wa pili analijua shamba lakini amelitupa jembe.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza somo hili linafundisha nini, lina mipaka gani, na kada au mwanafunzi alisome namna gani.

1. Somo lenyewe

Uchumi wa kimataifa una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni biashara: kwa nini nchi huuziana bidhaa, nani anapata nini, na ushuru wa forodha unafanya kazi gani. Ya pili ni fedha: thamani ya shilingi ikilinganishwa na fedha za kigeni, mikopo, na urari wa malipo, yaani hesabu ya fedha zote zinazoingia nchini na zinazotoka.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Wazee wetu wanakumbuka maduka yasiyokuwa na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba. Viwanda tulikuwa navyo, lakini vilihitaji malighafi na vipuri kutoka nje, na fedha za kigeni hazikuwapo. Mwaka 1986 nchi yetu ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti yaliyoambatana na kushushwa kwa thamani ya shilingi. Mama aliyekosa sabuni hakuwa amesikia maneno "urari wa malipo", lakini urari huo ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani kwake.

2. Nguo na mvinyo

Nadharia inayofundishwa kwanza ni ile ya faida linganishi, iliyoelezwa na Mwingereza David Ricardo mwaka 1817. Hatuna budi kuielewa vizuri, maana imejengwa kwa hesabu safi.

Ricardo alisema: tuchukue Uingereza na Ureno. Kutengeneza kiasi fulani cha nguo, Uingereza inahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka. Kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo, inahitaji watu 120. Ureno inahitaji watu 90 kwa nguo zilezile na watu 80 kwa mvinyo uleule. Ureno ni hodari zaidi katika vyote viwili. Je, itafaidika kwa kununua nguo za Uingereza? Ricardo anajibu ndiyo. Ureno ikitengeneza mvinyo kwa watu 80 na kuubadilisha kwa nguo, imepata nguo ambazo ingezitengeneza kwa watu 90. Imeokoa kazi ya watu 10. Uingereza nayo imepata kwa nguo za watu 100 mvinyo ambao ungeigharimu watu 120. Imeokoa kazi ya watu 20.

Hesabu hiyo ni ya kweli, na anayeikataa anajidanganya. Lakini mwanafunzi makini atauliza maswali matatu. Swali la kwanza: mbona mmoja ameokoa 10 na mwingine 20? Jibu ni kwamba biashara inaweza kuwafaidisha wote wawili, lakini mgawanyo wa faida unategemea bei ya kubadilishana, na bei hiyo haiamuliwi na uhodari wa kazi peke yake. Swali la pili: nchi hizi zilifikaje hapo? Mwaka 1703, zaidi ya miaka 100 kabla ya Ricardo, zilikuwa zimetia saini Mkataba wa Methuen, ambao kwa huo Ureno ilifungua milango kwa nguo za sufu za Kiingereza, na mvinyo wake ukatozwa Uingereza ushuru mdogo kuliko mvinyo wa Ufaransa. Kumbe kabla ya soko palikuwa na mkataba, na kabla ya mkataba palikuwa na nguvu za dola. Swali la tatu: kesho itakuwaje? Kiwanda cha nguo huzaa mafundi, mashine na viwanda vingine. Hesabu ya Ricardo inatuonyesha faida ya leo. Haituonyeshi nani atakuwa na ujuzi gani baada ya kizazi kimoja.

3. Mkonge na trekta

Maswali hayo yaliulizwa kwa nguvu na wachumi wa nchi zinazoendelea. Mwaka 1949 Raúl Prebisch wa Argentina, na mwaka 1950 Hans Singer, walieleza kwamba bei za mazao ghafi zina mwelekeo wa kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Sababu zao zilikuwa mbili. Kwanza, mtu akizidi kupata kipato, haongezi kunywa kahawa kwa kiwango hichohicho. Fedha ya ziada huenda kwenye bidhaa za viwandani. Pili, ufanisi ukiongezeka katika viwanda vya nchi tajiri, faida hubaki kulekule kama mishahara na mapato ya makampuni, kwa kuwa wafanyakazi wana vyama imara na makampuni yana uwezo wa kushikilia bei. Kwa mkulima asiye na sauti, ufanisi ukiongezeka bei hushuka. Prebisch ndiye aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichoanzishwa mwaka 1964 kushughulikia biashara na maendeleo.

Mwalimu Nyerere alikuwa akilieleza jambo hili kwa mfano wa trekta. Tuseme mwaka fulani trekta moja hununuliwa kwa tani 5 za mkonge, na baada ya miaka 10 linadai tani 10. Mkata mkonge aliyeongeza kazi maradufu amebaki palepale alipokuwa.

Hata hivyo, hapa napo tujikosoe. Mkonge wa Tanzania ulipita tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ukashuka hadi takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuzi za plastiki zilichangia sana, na bei ilianguka. Lakini soko la dunia si mkosaji pekee: palikuwa na uendeshaji dhaifu wa mashamba, na upungufu wa mitambo na vipuri. Kada anayelaumu soko peke yake anaficha udhaifu wa nyumbani, na udhaifu uliofichwa haurekebishwi.

4. Somo linapofika mezani

Mfano wa karibu zaidi ni Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi baina ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Majadiliano yalikamilika Oktoba 2014. Ulaya ingepokea bidhaa zetu bila ushuru. Sisi tungeondoa ushuru, hatua kwa hatua kwa miaka 25, kwenye asilimia 82.6 ya bidhaa zitokazo Ulaya. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini. Novemba 2016 Bunge la Tanzania liliishauri Serikali isitie saini.

Katika vijiwe wengi walisema Kenya imetusaliti. Aliyesoma hawezi kuishia hapo. Tanzania imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, na tangu mwaka 2001 nchi za orodha hiyo huuza Ulaya karibu kila kitu, isipokuwa silaha, bila ushuru. Kenya haimo. Bila mkataba, maua yake yangetozwa ushuru. Tanzania ingepata kidogo kwa kutia saini, huku ikihatarisha viwanda vichanga na mapato ya forodha. Kenya ingepoteza mengi kwa kutotia saini. Hatimaye Kenya ilitia saini mkataba wa peke yake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024.

Lakini tusishangilie upesi. Upendeleo tunaoufaidi ni wa hisani ya mtoaji. Siku nchi inapotoka katika orodha ile, nao huondoka baada ya kipindi cha mpito. Nani amekwisha kupiga hesabu ya siku hiyo? Asipoipiga kijana wetu, ataipiga mtu wa upande wa pili wa meza.

5. Tusome vipi?

Kwanza, tushike hesabu bila aibu. Mwenzako mezani anaijua, na hasira haijibu jedwali la ushuru. Pili, kila nadharia tuiulize ilizaliwa wapi na nani alifaidika nayo. Mlimani kuna urithi wa kazi hiyo: Walter Rodney alifundisha pale, na Justinian Rweyemamu, katika kitabu chake cha 1973, alichambua uchumi wa Tanzania na tatizo la viwanda vyake kwa zana za kitaaluma. Tatu, nadharia irudi kijijini. Mwanafunzi akienda likizo, aulize kilo moja ya korosho ghafi imeuzwa bei gani, iliyobanguliwa inauzwa bei gani, na tofauti hiyo inabaki mikononi mwa nani. Akiweza kuwaeleza jibu wanachama wa chama cha msingi wakamwelewa, amefaulu mtihani ulio mgumu kuliko wa chuo.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano wa Ricardo, ni bei gani ya kubadilishana ingegawa faida sawasawa? Nani angeisimamia?
2. Taja zao moja la wilaya yako. Linapoteza thamani katika hatua ipi: shambani, kiwandani au sokoni?
3. Je, ulinzi wa kiwanda kichanga uwe na mwisho? Nani aseme kwamba kiwanda kimekua?