Shore, Mpanzi wa Kingo za Tana

Katika vijiji vilivyojipanga kandokando ya Mto Tana, kuanzia Hola hata Garsen, na kuteremka Ngao mpaka Kipini ambako mto hukutana na bahari, hakuna ndege ambaye sauti yake husikika mapema na kwa uaminifu wa kila siku kama shore. Kwani kabla mwadhini hajamaliza kuwaita waumini kwenye sala ya alfajiri, na kabla moshi wa kuni haujaanza kupenya makuti ya jikoni, yeye huwa amekwisha kutua katika kilele cha mwembe au cha mkwaju, akiirudia lahani yake fupi ya sauti tatu au nne zinazofuatana kwa mbio, lahani isiyo na ufundi mwingi wala urefu, lakini yenye uchangamfu ambao hata mtu aliyelala na huzuni hawezi kuusikia asiinue kichwa. Na kwa sababu yupo kila mahali na kila msimu, aghalabu hakuna amtazamaye. Makala haya yamekusudiwa kumtazama, kwa kuwa nasadiki ya kwamba katika viumbe wadogo wa bonde hili ni wachache walioutendea msitu wa Tana wema mkubwa kama yeye.

Kwa umbo si ndege wa fahari. Urefu wake, toka mdomo hata ncha ya mkia, ni takriban sentimita 18, na uzito wake aghalabu haufiki gramu 50. Mgongo wake ni wa hudhurungi, kichwa ni cheusi chenye manyoya mafupi ambayo huyasimamisha akikasirika au akishtuka, na chini ya mkia, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka ndege ainame kuchuma tunda, pana rangi ya manjano iliyokolea, ambayo ndiyo pambo lake la pekee. Dume na jike hufanana hata mtu asiweze kuwapambanua kwa macho. Shore wa Nairobi na nyanda za juu ana kifua cha hudhurungi tupu. Huyu wetu wa mashariki na kaskazini ya Kenya ana baka jeupe ubavuni mwa shingo, na kifua chake kimenakshiwa kwa weupe mithili ya magamba ya samaki, hata baadhi ya wataalamu humtenga na kumhesabu kuwa aina mbali. Aila yao ni kubwa, imeenea Afrika na Asia. Nduguye mmoja, mwenye duara jeupe kulizunguka jicho, huimba katika bustani za Yemen na Oman.

Wageni waliokuja Tana kwa ajili ya elimu ya ndege hawakumjia shore. Mjerumani Gustav Fischer alisafiri katika nchi hii ya Wapokomo mnamo 1878, na mwaka uliofuata Reichenow wa Berlin akaandika habari za ndege mdogo wa misitu ya Tana mwenye weupe mbawani, akampa jina la Apalis chariessa. Kisha mnamo 1967 Mmarekani Melvin Traylor akatangaza ndege mwingine, wa nyasi na vichaka, Cisticola restrictus, ambaye kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa hapatikani popote duniani ila katika bonde hili. Yule wa kwanza hana kumbukumbu ya kuonekana Tana ya chini tangu 1961. Wa pili hakupatikana tena tangu 1972, na siku hizi wako wataalamu wasiosadiki kwamba alikuwa aina ya pekee. Siwalaumu hata kidogo waliowatafuta, maana kilicho adimu kinastahili kutafutwa kwa taa na kwa darubini. Hoja yangu ni kwamba yule aliye tele naye anastahili kuandikwa angali tele, na kazi yake ijulikane kabla haijakatika.

Kazi hiyo huifanya kwa kula. Simama asubuhi pembeni mwa kichaka cha mkwamba ambacho matunda yake meupe yameiva, utulie kidogo, nawe utawaona wakija wawili wawili. Huning'inia hata kwenye kitawi chembamba kisichoweza kumbeba ndege mkubwa, humeza tunda zima zima pasipo kulitafuna, hupangusa mdomo tawini upande huu na upande huu, huinua kichwa na kuimba kidogo kana kwamba analipa deni, kisha huruka kuvuka shamba la mahindi na kutua juu ya mti mmoja uliobaki peke yake malishoni. Huko hukaa. Nyama ya tunda husagika upesi tumboni mwake, na kwa muda usiofika saa moja mbegu huwa imekwisha kutoka, safi, nzima, na imeangushwa chini ya kivuli, mahali penye unyevu na pasipo jua kali la mchana. Ndiyo sababu, msomaji, ukitazama chini ya mti wowote wa peke yake katika nyanda za Garsen, utakuta miche ambayo hakuna mtu aliyeipanda: mkwamba, mswaki, pengine mkuyu, ambao mbegu zake ni ndogo kama vumbi na kila tunda lina mamia yake. Hata pilipili kichaa huota namna hiyo hiyo, kwa kuwa ukali unaotutoa sisi machozi ndege hawauhisi kabisa, na shore huila kwa raha.

Hapa ndipo ninapoona ubora wake. Msitu wa Tana ni utepe mwembamba unaoshika kingo, nao huishi kwa maji ya mto na ya mafuriko. Ukienda mbali kidogo na maji, unakuta nyika. Ndani ya utepe huo wamo wanyama mashuhuri, mathalan mbega mwekundu na mangabe wa Tana, ambao kwa ajili yao hifadhi ilitangazwa mnamo 1976, na mangabe naye ni mlaji mkubwa wa matunda. Walakini wanyama hao maisha yao yameshikamana na miti, na msitu ukikatwa vipande vipande kwa mashamba, kila kundi hufungika katika kipande chake. Shore hana mpaka huo. Yeye ni raia wa msitu, wa shamba, wa ua wa msikiti na wa kituo cha mabasi, na mbegu aliyoimeza katika kipande hiki huitema au huiangusha katika kile, akiunganisha kwa mabawa yake kilichotengwa na panga na shoka. Ni kweli kwamba hachagui: mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, umeenea Pwani yetu kwa msaada wa ndege kama yeye. Lakini mathenge, ule mti wa miiba ambao umewatesa wafugaji wa Tana River tangu ulipopandwa Bura katika miaka ya 1980, hauna dhambi ya shore. Hao waliousambaza ni mbuzi na ng'ombe waliokula maganda yake.

Nyumba yake ni kiota cha vijiti vyembamba na mizizi, chenye umbo la finjani, ambacho hukificha ndani ya mndimu au kichaka chochote chenye majani mengi, na humo jike hutaga mayai mawili au matatu yenye madoadoa mekundu, ambayo huanguliwa baada ya siku 12 hivi hadi 14. Mvua zikija huja na adui, ndege wa jamii ya kekeo, mweusi mgongoni, mwenye kishungi, ambaye hutaga yai lake jeupe, kubwa kuliko ya wenyewe, katika kiota cha shore na kwenda zake. Wazazi hulilea kinda la mgeni kwa juhudi zao zote, na aghalabu wana wao wenyewe hufa njaa ubavuni mwake. Dhidi ya adui anayemjua, hata hivyo, shore si mnyonge: akimwona bundi mchana, au ukukwi akipanda mtini, hupiga kelele kavu za kukatakata mpaka ndege wa jirani wote wakusanyike, na mwenye nyumba mwerevu akizisikia kelele hizo juu ya banda la kuku huchukua fimbo kabla hajauliza.

Mto wenyewe umebadilika. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa huko juu, kuanzia Kindaruma mnamo 1968 hata Kiambere mnamo 1988, yamepunguza na kuvuruga mafuriko yaliyokuwa yakinywesha kingo. Mashamba yamesogea hata ukingoni. Na ijapokuwa delta ya Tana, hekta zaidi ya 163,000, iliandikwa mnamo 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, shoka halisomi orodha. Katika hali hiyo kila mche unaoota wenyewe ni hidaya, na mpanzi wake anahitaji mambo mawili tu: kichaka cha kuchumia na mti wa kutulia.

Basi nawasihi ndugu zangu wenye mashamba, wa Wema, wa Hewani, wa Idsowe na wa kila kijiji cha mtoni: mnapofyeka, acheni ukanda wa vichaka ukingoni, hata ukiwa wa hatua chache, na katikati ya shamba uacheni mkuyu au mkwaju mmoja usimame, msiutie moto mkwamba kwa kudhani ni takataka, na watoto wakichukua manati, waambieni kwamba ndege huyu ana kazi ukingoni, wamwache aifanye.