Farasi Mweusi katika shamba la kukodi

Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini mwangu akiwa na karatasi nne mkononi. Nilidhani amekuja kuitetea insha yake, maana alama nilizompa hazikuwa za kupendeza. Kumbe zilikuwa karatasi za mkataba. Binti huyu, ambaye sitamtaja jina, ni mchoraji wa vibonzo. Miongoni mwa wahusika wake yumo mama mmoja muuza samaki, mwenye ulimi mkali na moyo laini, ambaye wanafunzi wenzake wamempenda hata wakawa wanayaiga maneno yake vijiani mwa chuo. Kampuni moja ya vifaa vya kufundishia ilikuwa imemwagiza achore vijitabu sita.

"Daktari," aliniambia, "pesa zenyewe si haba. Ila kifungu cha saba sikielewi."

Nikakisoma. Kilisema kwamba kampuni itavimiliki vijitabu pamoja na wahusika wote waliomo, majina yao, sura zao na kila kitakachotokana nao, milele na popote duniani.

Mimi si wakili, wala sithubutu kujitia uwakili. Riziki yangu naipata kwa kuchambua vitenzi na viambishi. Hata hivyo, kifungu hicho kilinirudisha nyuma miaka ishirini na ushei, nilipokuwa mwanafunzi mwenye njaa ya kusoma na mfuko mtupu. Siku za Jumamosi nilikuwa nikipekua vitabu vikuukuu vilivyotandazwa kando ya barabara jijini Nairobi. Humo niliokota, kwa bei iliyokuwa chini ya sahani ya chipsi, vitabu kadhaa vya katuni vyenye nembo ya kichwa cha farasi. Vilisimulia habari za yale madude ya kutisha ya filamu ya Aliens. Nilivisoma hata kurasa zikaachana na gamba. Nisilolijua wakati huo ni kwamba nilikuwa nikisoma kazi ya mpangaji ndani ya nyumba ya mwenyewe.

Kampuni iliyovichapa huitwa Dark Horse Comics, yaani Farasi Mweusi. Kwa Waingereza, farasi mweusi ni yule ambaye hakuna anayemtarajia kushinda mbio, kisha akawapita wenziwe. Mwasisi wake, Mike Richardson, alikuwa muuza duka. Mwaka 1980 alifungua duka la vitabu vya katuni katika mji wa Bend, jimbo la Oregon, Marekani, na faida ya biashara hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1986, kampuni ya uchapishaji aliyoianzisha pamoja na Randy Stradley. Makao yake yakawa Milwaukie, mji ulio katika jimbo hilo hilo la Oregon. (Usiuchanganye, msomaji, na ule wa Milwaukee ulio Wisconsin, herufi moja tu, na umepotea maelfu ya kilomita.)

Zama hizo soko la katuni nchini Marekani lilitawaliwa na mafahali wawili, Marvel na DC. Desturi iliyotamalaki kwa miaka mingi ilikuwa kumhesabu mchoraji kuwa kibarua: akishalipwa ujira wa kurasa zake, mhusika si wake tena. Kisa cha Superman chajulikana. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili waliombuni, waliuza haki zao mwaka 1938 kwa dola 130. Superman akaenea duniani, akaingia redioni, televisheni na filamu, nao wakazeeka katika dhiki. Haikuwa hadi mwaka 1975, baada ya kelele nyingi magazetini, ndipo wenye mali walipokubali kuwapa posho ya uzeeni na kuyarejesha majina yao kwenye kazi waliyoibuni wenyewe.

Richardson alikuja na ahadi tofauti: anayebuni na abaki na kilicho chake. Jarida lake la kwanza, Dark Horse Presents, lilitoka Julai 1986. Ndani yake alikuwamo Concrete, mtu ambaye akili yake imefungiwa katika mwili mithili ya jabali. Mhusika huyo alibuniwa na Paul Chadwick, naye akabaki kuwa mali ya Chadwick.

Lakini ahadi njema haijazi chungu. Mhusika mpya hana anayemjua, na msomaji aghalabu hununua jina alilokwisha kulisikia. Kampuni changa ingewezaje kushindana na Superman na Spider-Man? Hapo ndipo ilipoingia hila ya leseni. Kupewa leseni ni kuruhusiwa na mwenye mhusika umtumie kwa muda na kwa masharti, nawe humlipa sehemu ya mapato. Kiswahili kimetuwekea tofauti hiyo bayana: anayechukua hukodi, anayetoa hukodisha, na kiambishi kile kidogo cha usababishi ndicho kinachotenganisha mwenye shamba na mkulima. Ole wetu lakini tukilitumia neno kuazima, ambalo katika vinywa vya wengi humaanisha kupokea na kutoa pia! Nina hakika mikataba kadha wa kadha imetiwa sahihi na watu waliodhani wanaazima katika maana moja, kumbe wanaazima katika ile nyingine.

Farasi Mweusi alikodi wahusika wa filamu. Mwaka 1988 alitoa Aliens, iliyoandikwa na Mark Verheiden na kuchorwa na Mark A. Nelson. Mwaka 1989 ikafuata Predator. Mnamo Desemba 1991 likatoka toleo la kwanza la Dark Empire, kazi ya Tom Veitch na Cam Kennedy, ambalo liliirudisha Star Wars katika vitabu vya katuni miaka kadhaa baada ya Marvel kuuacha mfululizo wake mwaka 1986. Siri ya mafanikio haikuwa majina peke yake. Wachapishaji wengi waliotangulia walikuwa wakikichukulia kitabu cha leseni kama kumbukumbu ya sinema, yaani unasimuliwa kwa picha mambo yale yale uliyokwisha kuyatazama. Farasi Mweusi alianzia pale filamu ilipokomea. Msomaji aliyetoka sinema na swali moyoni, je, baadaye ilikuwaje, alilipata jibu kitabuni. Kampuni ikakua, ikawa miongoni mwa kubwa kabisa nchini humo baada ya wale mafahali wawili.

Sasa tazama yaliyofuata. Waandishi na wachoraji wa kampuni hiyo waliwakutanisha kwa mara ya kwanza katika pambano moja madude ya Aliens na mwindaji wa Predator. Hadithi hiyo ilianza kuchapishwa katika jarida lao mwaka 1989, na wasomaji wakaigombania. Mwaka 2004 ikaja filamu yenye pambano hilo hilo. Filamu ikawa ya 20th Century Fox, maana madude yote mawili yalikuwa yao. Mti uliooteshwa na mpangaji una mizizi katika ardhi ya mwenye shamba, na matunda huenda kwa mwenye shamba.

Pigo kubwa lilingoja. Kampuni ya Disney ilikuwa imeinunua Marvel mwaka 2009, na mwaka 2012 ikainunua Lucasfilm, mmiliki wa Star Wars. Januari 2014 ikatangazwa kwamba kuanzia mwaka uliofuata katuni za Star Wars zitarudi Marvel. Kazi ya zaidi ya miaka ishirini ikaondoka kwa tangazo moja. Toleo la kwanza la Marvel la Januari 2015 liliagizwa kwa nakala zipatazo milioni moja. Kinachonisikitisha zaidi, mimi mtu wa maandishi, ni kwamba hata zile hadithi za zamani, ambazo Farasi Mweusi alizigharamia na kuzihariri, zikaanza kukusanywa na kuuzwa upya zikiwa na nembo ya Marvel. Na mambo hayakuishia hapo. Conan, aliyekuwa Dark Horse tangu 2003, alihamia Marvel mwaka 2019. Disney ilipokwisha kuimeza Fox mwaka huo huo, Aliens na Predator nao wakafuata mkondo huo.

Swali ni hili: mbona kampuni haikufa? Jibu ni kwamba pesa za shamba la kukodi zilikuwa zikisaidia kugharamia bustani nyingine. Frank Miller aliianza Sin City katika jarida lao mwaka 1991. Mike Mignola akamleta Hellboy, shetani mwekundu mwenye mkono wa jiwe na roho ya utu, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1994 na filamu yake mwaka 2004. Gerard Way na mchoraji wa Brazil, Gabriel Bá, wakaleta The Umbrella Academy mwaka 2007. Wahusika hawa hawakukodiwa kutoka Hollywood. Hollywood ndiyo iliyokuja kuwakodi wao. Kampuni yenyewe ilinunuliwa mwaka 2022 na Embracer Group ya Sweden, lakini iliponunuliwa, Hellboy hakununuliwa pamoja nayo. Yeye ni wa Mignola.

Anayenifurahisha kuliko wote ni sungura. Stan Sakai, mzaliwa wa Kyoto aliyelelewa Hawaii, alimbuni Usagi Yojimbo, sungura mpiga upanga anayezurura katika Japani ya kale, na akamchapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Neno usagi kwa Kijapani ni sungura. Sungura huyu amepitia mikononi mwa wachapishaji kadhaa. Aliingia Dark Horse mwaka 1996, akahamia IDW mwaka 2019, kisha akarudi Dark Horse mwaka 2023. Kila Sakai anapohama, sungura humfuata na upanga wake kiunoni. Hakuna mchapishaji awezaye kumwambia, wewe nenda lakini sungura abaki.

Sisi nasi tuna sungura wetu. Yeye na fisi, na Abunuwasi, hawana mwenyewe. Ni mali ya kila bibi aliyepata kuketi na wajukuu. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ulizichora hadithi za jadi bila ya kumlipa mtu leseni, na ulifanya vyema. Lakini Juha Kalulu, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo, hakuzaliwa jikoni kwa bibi. Alizaliwa katika kalamu ya Edward Gitau. Mhusika wa aina hii ana baba au mama, na sheria ina neno la kusema juu ya ulezi wake.

Na sheria yetu, nawasihi walimu wawaeleze wanafunzi wao, haimpendelei mchoraji kama wengi wanavyodhani. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ikiwa imeagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pale ambapo pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba kunyamaza ni kutoa. Anayetaka kubaki na mhusika wake hana budi kutamka hivyo katika mkataba, tena kabla ya kutia sahihi.

Najua ninalolisema. Nilipokuwa mwalimu kijana niliandika kitabu cha hadithi kwa ajili ya shule za msingi, na ndani yake nikambuni msichana mdadisi niliyempa jina la Mwanamkasi. Nililipwa mara moja, nikanunua baiskeli na suti. Miaka michache baadaye nikaingia dukani, nikamkuta Mwanamkasi katika vitabu vingine vitano ambavyo sikuviandika. Katika kimoja alikuwa mwoga. Mwanamkasi, mwoga! Nilisimama nikakisoma kitabu hicho hadi mwisho pale pale dukani, na sikuwa na wa kumlalamikia, kwa kuwa sahihi iliyokuwa chini ya mkataba ilikuwa yangu.

Sikumshauri mwanafunzi wangu aikatae kazi. Ana karo ya kulipa, na vijitabu sita ni mwanzo mwema. Tena sioni aibu katika kazi ya leseni yenyewe. Bila ya Aliens, pengine Hellboy asingepata pa kuchapishiwa. Nilichofanya ni kumwomba aseme waziwazi ni kipi anauza na kipi anakodisha. Tuliketi saa nzima juu ya kifungu cha saba. Vijitabu sita, maandishi na picha zake, kampuni ivichukue. Mama muuza samaki, jina lake na sura yake, kampuni imtumie kwa miaka mitatu na katika vijitabu hivyo tu. Ikimtaka baada ya hapo, irudi ibishe hodi upya na imlipe mrabaha. Tukafuta neno "milele". Nilimtuma pia aende kwa wakili, kwa kuwa uhodari wangu unakomea kwenye sarufi.

Alizipeleka karatasi hizo Jumatatu iliyopita. Hadi ninapoandika haya, kampuni haijajibu. Jana nilimwona kijiani akiwa na daftari lake la michoro, nikamuuliza kama ana wasiwasi. Akanionyesha ukurasa mpya: mama muuza samaki ameketi kwenye benchi nje ya ofisi fulani, beseni miguuni, anasubiri kuitwa.