Gaita, Kijiko na Jua la Mabela
Mwaka jana changarawe za Kilimanjaro ziliniingia viatuni, nikatoka malengelenge, nikageuka kabla ya kufika kileleni, mita 5,895. Safari hii nimenunua gaita, vifuniko vya kutoka kiatuni hadi gotini, zenye ukingo wa mpira. Lakini zinabana! Hapa Mabela nilihangaika nazo mpaka vidole vikauma. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, akacheka: “Mjukuu wangu, mpira hautaki nguvu, wataka joto.” Tukazianika juani. Nikajaza viatu magazeti visibonyee, nikapaka ukingo maji ya sabuni, nikaanzia mbele penye vidole, nikamalizia kisiginoni kwa mpini wa kijiko. Zikaingia. Wenzangu wapandaji, zivisheni nyumbani. Kule juu baridi huufanya mpira mgumu, na mikono hufa ganzi.