Mandvi: Mji wa nusu laki wenye jamaa hadi Mombasa

Hebu toa simu, fungua ramani, utafute Mandvi. Sio Mumbai, huo unaujua tayari kwa filamu. Mandvi uko juu zaidi, pale mto Rukmavati unapomwaga maji yake katika Ghuba ya Kutch, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Sensa ya 2011 ilihesabu huko watu elfu 51 hivi. Nusu laki na kidogo.

Neno hilo laki si letu la asili, tulilipata kwa Wahindi. Wao huhesabu kwa malaki hadi leo.

Najua unachowaza: watu elfu 51 ni mji gani? Mwaka huo India yote ilikuwa na watu bilioni 1.21. Mandvi ni punje ndani ya gunia. Lakini ngoja kidogo kabla ya kuupuuza.

Tuanze na ardhi. Wilaya ya Kutch, ulipo mji huu, ina kilomita mraba 45,674. Ndiyo wilaya kubwa zaidi India kwa eneo, na inakaribiana na Kaunti yetu ya Garissa. Watu wake mwaka wa 2011 walikuwa milioni 2 na ushei, yaani 46 kwa kila kilomita mraba. Wastani wa India ulikuwa 382. Mbona pako wazi hivyo? Kaskazini kuna Rann, jangwa la chumvi linaloenda hadi mpaka wa Pakistan. Mvua ni haba, nayo huja zaidi kati ya Juni na Septemba. Ikikosa, mkulima ameumia.

Kusini sasa, kuna bahari. Hapo ndipo Mandvi ulipopatia riziki tangu ulipoanzishwa katika karne ya 16. Wenyeji waliujua upepo kama mkulima anavyoujua msimu. Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, majahazi yalitweka tanga kuja Zanzibar, Mombasa na Lamu, yakiwa na vitambaa na bidhaa nyingine. Kusi ilipoingia, yakarudi na pembe za ndovu na karafuu. Wapo walioshuka na hawakurudi.

Ukitembea kando ya mto huo leo, bado utaona majahazi ya mbao yakiundwa wazi hapo ufuoni, mengine marefu kupita nyumba za ghorofa zilizo karibu. Mafundi wake wengi ni wa jamii ya Wakharva, na ujuzi wao umepita kutoka kwa baba hadi mwana kwa takriban miaka 400. Jahazi moja kubwa linaweza kuwachukua mwaka mzima au zaidi. Ukihisi njaa, kuna dabeli: mkate uliojazwa viazi vyenye viungo, karanga na komamanga. Inasemekana ilianzia papo hapo Mandvi. Mla viazi karai wa Mombasa hatajihisi mgeni.

Lakini bandari yenyewe ilififia. Meli za mvuke zilihitaji kina kirefu, biashara ikahamia Mumbai na Karachi. Baadaye zikaja bandari za Kandla na Mundra, zote humo humo Kutch, zikabeba mizigo mikubwa. Kijana wa Mandvi akabaki na lile swali unalolijua wewe wa mji mdogo: nikae au niende?

Wengi wa Kutch walikwenda. Mmoja wao ni Allidina Visram, mzaliwa wa kijiji cha Kera, aliyekuja Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo tu, akaishia kuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda. Ukisoma Mombasa, jina hilo umeliona kwenye lango la shule ya upili. Pengine hata mwenzako darasani huongea Kikutchi nyumbani, na Kikutchi cha huku kimechanganyika na Kiswahili. Mwaka wa 2017, serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kwa hivyo ukisikia mtu akimwambia mwenzako "rudi kwenu", muulize: kwao wapi, kama babu wa babu yake alishuka Bandari ya Kale?

Sasa rudi kwa ile nusu laki. Sensa huhesabu waliopo. Haiwezi kumhesabu mfanyabiashara wa Nairobi wala nyanya wa London ambaye bado anaota kwa Kikutchi. Isitoshe, hesabu yenyewe imezeeka. India ilipaswa kuhesabu tena 2021, Covid ikavuruga mpango, na sasa sensa inayofuata imepangiwa kukamilika 2027. Kwa miaka yote hiyo, shule, maji na hospitali za mji kama huo zinapangwa kwa takwimu za mtoto ambaye sasa ana ndevu.

Kwetu, kama ratiba itafuatwa, karani wa sensa atabisha hodi 2029. Usimkimbie, na usiache nyumba yenu ihesabiwe nusu. Na ukitoka mji ambao watu huucheka kwa udogo wake, chukua karatasi jioni hii. Andika majina ya watu wa mji huo walio Nairobi, Doha, popote pale. Kisha ujumlishe upya.