'Port' ya bandari, ya mlango na ya kompyuta: Tuhamishe au tupandikize?

MAJUZI mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya maelezo kuhusu mfumo endeshi uitwao GNU Hurd. Katika ukurasa wa pili nikakutana na sentensi iliyonichekesha, kisha ikanisumbua: mafundi 'wameutia mfumo bandarini mwa prosesa mpya'. Kamusi ilimwambia 'port' ni bandari, naye akaiamini. Nikamwambia, "Hebu tuelewe kwanza kinachofanyika, istilahi baadaye."

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kompyuta nzima. Moyoni mwake mna kiini. Katika Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mnamo 1991, kiini hufanya kazi nyingi chenyewe. Hurd, iliyoanza 1990 chini ya mradi wa GNU wa Richard Stallman, ilishika njia nyingine. Kiini chake, Mach, chenye asili katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ni kidogo: hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za programu na kupitisha ujumbe, basi. Mafaili na mtandao vimeachiwa seva, yaani programu za kawaida zilizo nje ya kiini. Seva moja ikianguka, si lazima kompyuta nzima ianguke nayo. (Gnu, kwa taarifa yako, ni yule nyumbu wa montoni avukaye Mto Mara, na Hurd hutamkwa kama neno la Kiingereza la kundi la wanyama. Watani hao!)

Seva hizo huzungumza kupitia kitu ambacho Mach hukiita, ole wetu, 'port' vilevile. Hii ni foleni ya ujumbe inayolindwa na kiini. Asiye na haki ya kuitumia hapelekei kitu. Hapa 'mlango' unafaa. Lakini 'port' ya mafundi walioandikwa na mwanafunzi wangu ni kitenzi, na wazo lake ni kubebeka: kuuwezesha mfumo ufanye kazi kwenye prosesa ya aina nyingine.

Kazi yenyewe si mchezo. Kila familia ya prosesa ina maagizo yake. Sehemu kubwa ya mfumo huandikwa kwa lugha ya C, na kompaila huigeuza kwa prosesa yoyote inayoijua. Kinachobaki ni pale mfumo unapogusana na mashine: kuwaka, kupanga kurasa za kumbukumbu, kubadilisha zamu kati ya programu. Hapo huandikwa upya kwa mkono. Kwa kuwa kiini ni kidogo, ungedhani kazi ni ndogo. Wapi! Hurd ilizaliwa kwenye prosesa za biti 32, ambazo anwani zake huishia baiti 4,294,967,296. Kwenye biti 64, anwani hurefuka kutoka baiti 4 hadi 8, na kila ujumbe unaobeba anwani hubadilika umbo. Mpelekaji na mpokeaji wasipokubaliana kuhusu urefu, mmoja husoma takataka. Ugumu ulioondolewa kwenye kiini huwasubiri mafundi kwenye mazungumzo ya seva.

Wenzangu wengi hupendekeza 'kuhamisha'. Mimi nasita. Aliyehama hayupo alikotoka, ilhali Debian GNU/Hurd ya 2025 inapatikana kwa biti 32 na kwa biti 64. Napendelea 'kupandikiza'. Mkulima huchukua kikonyo cha parachichi la Hass akakiunga kwenye shina la kienyeji. Mti mama unabaki, na ufundi wote uko pale kwenye kiungo.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Aliandika 'mfumo wa bure'. Kiingereza hapa kina neno moja kwa bei na kwa uhuru. Sisi tuna mawili, na lifaalo ni 'huria'. Leseni ya GNU humruhusu yeyote kuisoma programu, kuibadilisha na kuisambaza. Bila ruhusa hiyo hakuna wa kupandikiza ila mwenye kampuni, na akiitelekeza prosesa yako, umebaki na chuma. Neno 'bure' linaificha hoja hiyo yote.

"Lakini Prof," akauliza, "mafundi si husema tu kupoti?" Ni kweli. Nikamwambia aliweke kwenye faharasa, msomaji akilisikia kazini asibabaike.