Kasisi wa Llanidan na Mawe ya Anglesey

Henry Rowlands alizaliwa mwaka 1655 katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini-magharibi mwa Wales, na ni huko huko alikotumikia kanisa, akaandika na akazikwa. Tangu 1696 alikuwa kasisi wa Llanidan na makanisa kadhaa jirani, kando ya mlangobahari wa Menai. Mwaka 1723, ambao ndio aliofariki, kitabu chake Mona Antiqua Restaurata kilichapishwa Dublin. Hoja yake kuu ilishaporomoka zamani, lakini kitabu chenyewe kingali kinafunguliwa na watafiti. Kila anayetaka kuandika historia ya kwao ana la kujifunza hapo.

Mwandishi wa Kirumi, Tacitus, alisimulia jinsi jeshi la Roma lilivyokivamia kisiwa hicho katika karne ya kwanza na kufyeka misitu mitakatifu ya Wadruidi, makuhani wa Waselti. Kwa Rowlands, Anglesey ndiyo iliyokuwa makao makuu ya ukuhani huo. Asili ya elimu yao aliirudisha hadi kwa Nuhu, Kiwelisi akakihusisha na Kiebrania, na mawe makubwa yaliyotapakaa kisiwani akayahesabu kuwa kazi ya mikono yao.

Sasa inajulikana kwamba mengi ya mawe hayo ni ya makaburi yenye umri wa takriban miaka 5,000, hivyo yaliwatangulia Wadruidi wa Tacitus kwa maelfu ya miaka. Kiwelisi na Kiebrania nazo ni lugha za koo mbili tofauti. Hata hivyo, Rowlands hakupotea kwa uvivu. Zama zake hapakuwa na njia ya kupima umri wa kaburi. Msomi alikuwa na Biblia na waandishi wa Ugiriki na Roma, na kila cha kale kililazimika kupata nafasi humo.

Lakini kasisi huyu hakuishia vitabuni. Akieleza Bryn Celli Ddu, kaburi la kale lililo jirani na Llanidan, aliandika kuwa palikuwa na malundo mawili ya mawe yaliyokaribiana, moja limebomoka kiasi na kuchimbuliwa ubavuni, la pili limeondolewa karibu mawe yake yote. Mgeni wa leo hulikuta moja tu, nalo lilitengenezwa upya baada ya uchimbaji wa 1928–29. Habari za la pili tumeachiwa na Rowlands. Vivyo hivyo, alipekua hati za zamani za ardhi ili kuandika, kwa Kilatini, historia ya parokia za eneo lake, na mwaka 1704 akaandika kuhusu kilimo, kazi iliyochapishwa 1764, miaka mingi baada ya kifo chake.

Ndiyo maana naamini mwanahistoria wa mahali anadaiwa kwanza maelezo makini ya kilichopo: kiko wapi, kina hali gani, hati inasema nini. Tafsiri atoe, ila asiichanganye na alichokiona. Wajao watakuwa na vipimo bora kuliko vyake na wataisahihisha. Lundo lililobomolewa kabla halijaandikwa, hakuna kipimo kitakacholieleza lilivyokuwa.