Mandazi ya Sikukuu na Lugha ya Watoto Wadogo: Mfano wa Songo, Uvira

Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambacho maandishi ya zamani yalizoea kukiita Kingwana, kimechunguzwa zaidi mahali pa kazi: migodini Katanga, kambini, sokoni na katika misheni. Jiko limeachwa kando, ingawa ndiko mtoto anakoshinda kabla hajajua njia ya shule. Makala haya yanatazama shughuli moja tu ya jikoni, nayo ni upishi wa mandazi na keki za sikukuu pamoja na watoto wa umri wa miaka 3 hadi 8, kwa mfano wa mtaa wa Songo mjini Uvira. Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati anaoupata mtoto katika shughuli hiyo si Kiswahili kilichoharibika, na kwamba mwalimu wa darasa la kwanza anayeufuta hana budi kujua anafuta nini.

Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ufuko wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika hapo kwa mitumbwi mwaka 1858 wakitokea Ujiji, wakifuata njia ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuitumia. Kwa njia hiyo ya ziwa Kiswahili kilijengeka ufukoni, na pamoja nacho vyakula: mandazi, chapati, sambusa. Baadaye utawala wa Wabelgiji ukaleta Kifaransa na sikukuu zenye majina yake. Kwa hiyo mtoto wa Songo hungoja Noeli wala si Krismasi, na mwaka mpya kwake ni Bonane, yaani bonne année ya Wafaransa iliyokwisha kupata umbo la Kibantu. Peremende ni bombo, keki ni gato. Idi imebaki Idi. Katika orodha fupi kama hii historia yote ya mji imo, na mtoto anaimeza pamoja na sukari.

Upishi wenyewe ni rahisi kueleza. Kwa vikombe 4 vya unga wa ngano hutiwa nusu kikombe cha sukari, chumvi kidogo, kijiko kimoja cha chai cha hamira na maji ya uvuguvugu yapata kikombe kimoja na robo. Unga hukandwa kwa dakika 10 hivi, hufunikwa, huachwa uumuke, kisha husukumwa, hukatwa na kukaangwa. Uvira uko karibu mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la ufukoni huharakisha hamira; donge ambalo mjini Bukavu, kwenye baridi ya karibu mita 1,500, lingehitaji muda mrefu zaidi, huku huumuka upesi. Mama mwenye watoto wadogo hulishukuru jambo hilo, kwa maana subira ya mtoto wa miaka 4 haifiki mbali.

Ugawaji wa kazi ndio wenye maana kubwa kwa mchunguzi wa lugha. Mtoto wa miaka 3 hasogezwi motoni. Hupewa chekeche na kuambiwa apepete, na hapo hujifunza neno kwa mkono. Wa miaka 5 huweza kupima na kuhesabu, kikombe kwa kikombe. Katika Kivu kipimo hicho aghalabu si kikombe hata kidogo, bali kopo la Guigoz, maziwa ya unga ya watoto wachanga, lililogeuka kuwa kipimo cha unga na maharage sokoni. Kopo lililomlisha mtoto utotoni humfundisha hesabu akikua. Kila mtoto hukatiwa donge lake dogo alikande apendavyo. Hakuna hasara: protini za ngano zikikandwa hushikana na kufanya utando unaovutika, uitwao gluteni, unaozuia hewa ya hamira isitoroke, na mikono midogo haina nguvu za kuuharibu. Mtoto wa miaka 7 au 8 hukata vipande kwa mdomo wa glasi au kwa kisu butu. Mafuta ya moto ni kazi ya mtu mzima peke yake. Huyajaribu kwa kitonge cha unga, na kitonge kikizama na kuibuka mara moja pamoja na mapovu, mafuta ni tayari. Watoto huketishwa mbali kuliko urefu wa mkono wao, na mpini wa kikaango huelekezwa ukutani. Kuungua kwa mafuta ni ajali ya haraka mno kuachiwa bahati.

Sasa yatazamwe maneno. Sentensi ya kawaida ya jiko la Uvira yaweza kuwa hii: “Yaya, weka makala mu mbabula.” Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atashangaa mara tatu. Kwake yaya ni mwanamke aliyeajiriwa kulea mtoto. Mashariki ya Kongo ni kaka au dada mkubwa, na ni jina la heshima ambalo mdogo hathubutu kuliacha. Kwake makala ni maandishi kama haya yanayosomwa hapa, neno la asili ya Kiarabu. Huko ni makaa ya kupikia. Mbabula ni jiko la makaa, neno lililo pia katika lugha za Burundi na Rwanda. Kwa Kiswahili sanifu sentensi hiyo ingekuwa: “Dada, tia makaa jikoni.”

Mara nyingi husemwa kwamba makala ni makosa ya matamshi. Ushahidi unaonyesha kinyume. Shina la kale la Kibantu la neno hilo lilikuwa na konsonanti kati ya irabu zake mbili, na ni Kiswahili cha pwani kilichoidondosha, kama kilivyofanya katika maneno mengine mengi. Anayesema makala amebaki karibu zaidi na asili. Ndivyo ilivyo kwa bunga, ambalo sanifu ni unga: kiambishi bu- cha ngeli ya 14 kipo hai katika lugha jirani kama Kivira na Kifuliiru, ilhali pwani kimepunguzwa kuwa u-. Kadhalika, mtoto anapoomba kamukate kamoya, akiwekewa vingi akasema tumikate, anatumia ngeli ya udogo ya ka-/tu-, ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha na kutumia ki-/vi-. Hiyo ni sarufi kamili yenye upatanisho wake, tena ya mtoto asiyezidi miaka 4.

Maana nazo husafiri. Kitumbua cha pwani ni cha mchele na tui la nazi. Ng'ambo ya Ruzizi Warundi huita ibitumbura, neno lenye sura ileile, maandazi ya mviringo ya unga wa ngano. Minazi si mti wa ziwa hili. Jina lilifika, kiungo hakikufika, na watu wakatia ndani ya jina kile walichokuwa nacho.

Keki husumbua zaidi, kwa kuwa tanuri ni chache. Njia inayojulikana kote Afrika ya Mashariki ni ya sufuria mbili: kubwa huwekwa mchanga mkavu chini, ndogo yenye mchanganyiko wa keki huwekwa juu ya mchanga, hufunikwa kwa bati, na makaa hupangwa juu ya bati, mengi kuliko yaliyo chini. Moto wa chini ukizidi, keki huungua kitako kabla ya kuiva kati. Mtoto anaweza kupewa kazi ya kuchoma keki kwa kijiti safi na kukitazama: kikitoka kikavu, imeiva.

Haifai, hata hivyo, kulisifu jiko la sikukuu kana kwamba halipungukiwi. Ngano haiwi zao la ufuko huu; unga wake hutoka mbali, na bei hupanda kila njia ya ziwa au mpaka unapotatizika. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, katika bonde la Ruzizi, kilisimama vita vilipozuka mwaka 1996. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini. Ramadhani ilianza wiki moja tu baadaye. Katika hali kama hizo mchanganyiko wa ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo huweza kuokoa sikukuu. Ni chakula cha eneo zima la Maziwa Makuu, na Waganda hukiita kabalagala. Muhogo hauna gluteni, kwa hiyo hakuna kukanda kwa muda mrefu wala kungoja. Ndizi ndiyo inayoshikilia unga na kuutia utamu. Kwa mtoto wa miaka 3 kuponda ndizi ni kazi bora kuliko kupepeta.

Linalobaki ni la shule. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inataka lugha za taifa au za mazingira zitumike kufundishia. Swali ambalo sheria haiwezi kulijibu ni Kiswahili kipi kitaandikwa kitabuni. Kitabu kinachomwambia mtoto wa Songo atie makaa jikoni kinampa maneno ambayo huenda hajayasikia, na mwalimu akikata kwa wino mwekundu kila bunga na kila makala, mtoto atajifunza kwamba mama yake hajui kusema. Kwa upande mwingine, kumnyima sanifu ni kumfungia mlango wa vitabu vya kuanzia Kigoma hadi Lamu. Yaelekea njia nyepesi ni kuandika somo la upishi wa Bonane au Idi kwa maneno ya nyumbani, na kando yake kuweka neno sanifu: bunga kando ya unga, levire kando ya hamira, makala kando ya makaa. Hesabu nayo ipo tayari: mandazi 24, sahani za majirani 5, kila sahani mandazi 4, yaliyosalia ya nani? Swali hilo kila mtoto aliyeketi mbali na kikaango ana jibu lake.